Maji Yaendayo Polepole

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu la juma hili ni Isaya 8:5–8. Lisomeni taratibu, kwa kuwa kosa linalotajwa hapo ni la aina yake. Mungu anawashtaki watu wake hivi: "watu hawa wameyakataa maji ya Shiloa yaendayo polepole." Shiloa ulikuwa mfereji mdogo tu, uliopeleka maji ya chemchemi ya Gihoni ubavuni mwa Yerusalemu. Haukuwa na mawimbi wala kina cha kumtisha adui. Watu waliutazama wakauona mdogo mno, mioyo yao ikaelekea kwa wenye kishindo.

Andiko hili limenikaa zaidi moyoni tangu niliposafiri kwa boti la mpira katika Mto Colorado, jimboni Arizona, Marekani. Ni kipande cha kilomita 24 hivi, kuanzia chini ya bwawa la Glen Canyon hadi Lees Ferry. Kuta za mwamba mwekundu zimesimama kulia na kushoto, na juu yake ni jangwa tupu. Katika njia yote hiyo hakuna maporomoko ya kumtisha mtu. Nahodha akizima injini, boti linajiendea lenyewe, na watu huanza kunong'ona bila kuambiwa.

Abiria mmoja hakuridhika. Kila tulipozunguka kona aliuliza kama mawimbi yako mbele. Simlaumu, maana hata mimi nimeyaishi maisha ya wokovu kwa swali hilohilo.

Kuna jambo nililojifunza mle kwa macho tu. Ukikodolea uso wa maji, unaweza kuapa kwamba mto umesimama. Inua macho utazame ukuta: ule ufa uliokuwa mbele yako sasa uko nyuma, na kivuli kilichokuwa mbali kimeshakufunika. Mwendo wa polepole hauonekani ukipimwa kwa maji, unaonekana ukipimwa kwa mwamba usiosogea. Ndiyo maana muumini anayejichunguza hisia zake kila asubuhi hukata tamaa haraka. Mwambie atazame ahadi za Mungu, jinsi alivyozisimamia mwaka juzi na anavyozisimamia leo, ndipo ataona kwamba amechukuliwa mbali.

Wapo watakaosema utulivu wa pale umeletwa na bwawa. Ni kweli kwamba tangu bwawa lilipoanza kuzuia maji mwaka 1963, mto umebadilika sana. Zamani ulikuwa mwekundu kwa udongo. Siku hizi udongo hutuama katika Ziwa Powell, lililo nyuma ya bwawa, na maji yanayotoka chini ni maangavu, ya kijani, tena ya baridi kali kwa sababu hutolewa kilindini. Lakini utulivu wenyewe ni wa kale kuliko bwawa. Katika makorongo ya mto huo, maporomoko mengi hutokea pale mabonde ya pembeni yanapomwaga mawe makubwa mtoni wakati wa mafuriko. Mwamba wa Glen Canyon kwa sehemu kubwa ni mchanga wa jangwa la kale ulioshikana ukawa jiwe, na unapovunjika mwingi hurudi kuwa mchanga. Hivyo mto haukuwekewa vizuizi vingi vya kuupigisha kelele.

Mwaka 1869 John Wesley Powell, askari aliyepoteza mkono wa kulia vitani, alishuka mto huo na wenzake tisa katika mashua nne. Mashua moja ilivunjika Juni ile. Julai wakapita Cataract Canyon, penye maporomoko makali ajabu. Baada ya hapo, mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti, wakaingia Glen Canyon na mto ukawapokea kwa upole. Walipiga kambi ndani ya pango kubwa la mwamba ambalo sauti ilivuma vizuri mno, Powell akaliita Music Temple, yaani Hekalu la Muziki. Waliimba humo. Mbele yao lilikuwa korongo kubwa la Grand Canyon, na hawakujua lina nini.

Ukisoma habari za safari ile utaona watu husimulia maporomoko, wala siwashangai. Siku za Glen Canyon huchukua aya moja hivi na kupita. Lakini niambieni, watu waliokwisha kuchoka, chakula kikipungua na mashua zao zimegongwa, wangeingiaje Grand Canyon bila zile siku za maji ya upole katikati? Kwangu mimi zile siku ni sehemu ya wokovu wao sawasawa na siku waliyotoka korongoni wakiwa hai.

Sasa tujitazame wenyewe, wapendwa, hasa wakati wa ushuhuda. Anayesimama mbele ni aliyetoka mahututi, au aliyekuwa mlevi akafunguliwa, au aliyefukuzwa kazi akapewa bora zaidi. Tunamshangilia, na tumshangilie kweli! Lakini nyuma kabisa ameketi mama ambaye amehifadhiwa miaka mingi: hakuanguka, hakuacha kuomba, watoto wake wamelala salama usiku baada ya usiku. Ukimwambia ashuhudie atasema hana ushuhuda. Nani alimfundisha hivyo? Sisi. Tumeyakataa maji ya Shiloa, tukamwachia mama huyu aamini kwamba Mungu hajafanya kitu kwake kwa sababu hajafanya kelele.

Ona pia yaliyompata Ahazi, mfalme wa Yuda. Katika Isaya 7 wafalme wawili wanakuja kumpiga, na nabii anatumwa kukutana naye. Mahali penyewe ni penye mfereji wa birika la juu, kando ya maji. Ujumbe ni mfupi: "Angalia, utulie, usiogope." Ahazi hakutulia. Alichukua fedha na dhahabu zilizokuwa nyumbani mwa Bwana, akampelekea mfalme wa Ashuru ili aje amwokoe (2 Wafalme 16:7–8). Na Ashuru akaja kweli. Lakini Isaya anamfananisha mfalme huyo na mto wenye nguvu, ambao ungefurika hadi Yuda kwenyewe, ufike shingoni. Mtu aliyeona maji ya polepole hayamtoshi akaishia kusimama katika maji yanayomfikia kidevuni.

Shingoni, lakini si juu ya kichwa. Hata katika hukumu yake Mungu aliweka alama ambayo maji hayakuruhusiwa kuivuka.

Neno moja kwa walio katika majira tulivu sasa hivi. Pale mtoni hakuna maporomoko, na bado unavaa jaketi la kuokolea maisha, kwa kuwa maji yale ya baridi humaliza nguvu za mtu upesi. Utulivu si ruhusa ya kuvua silaha. Wengi waliodumu katika maombi wakati wa dhoruba, mambo yaliponyooka waliacha kuomba, hata hawakumbuki ni lini waliacha.

Nirudi Yerusalemu, maana habari ya yale maji haikuishia kwa Ahazi. Mwanawe Hezekia, alipoona Ashuru inakuja, alichimba mfereji chini ya mwamba na kuyaingiza maji mjini (2 Wafalme 20:20). Mfereji huo upo hadi leo. Una urefu wa mita 533 hivi, na kutoka mwanzo hadi mwisho unashuka kama sentimita 30 tu. Maandishi yaliyogunduliwa ukutani mwake mwaka 1880 yanaeleza jinsi wachimbaji walivyoanza pande mbili, wakasikia sauti za wenzao kupitia mwamba, wakakutana. Maji yake ni ya chemchemi ileile ya Gihoni. Senakeribu, mfalme wa Ashuru, alipokuja na jeshi lake mwaka 701 kabla ya Kristo, mji ulikuwa na maji ya kunywa ndani ya kuta. Baba aliyaona hayafai, mwana akayategemea, na mji haukuanguka.

Karne kadhaa baadaye maji hayohayo yalikuwa bado yanaingia katika birika la Siloamu, na Bwana Yesu alimtuma huko mtu aliyezaliwa kipofu akanawe uso (Yohana 9:7).

Juma hili tusome Isaya 7 na 8 pamoja na 2 Nyakati 32. Tutakapokutana, naomba nafasi ya ushuhuda waipate kwanza wale wanaosema hawana la kusema. Tusiwaharakishe, na tusiwaombe watafute jambo kubwa. Wakisema tu, "Bwana amenitunza," tushangilie kama tunavyoshangilia mengine yote.