Mtoto wa mbwa hasuguliwi pua

Leo jioni nimebishana na shemeji kuhusu Simba, mtoto wetu wa mbwa.

Yeye anasema mbwa wa ulinzi hula mara moja tu, usiku. Ugali na dagaa, basi. Akijisaidia ndani, msugue pua kwenye kinyesi, atakoma.

Nimekataa kabisa!

Mbwa wa miezi 3 anahitaji kula mara 3 au 4 kwa siku, na dakika chache baada ya kula haja humbana. Mtoe nje hapo hapo, akimaliza msifie. Ukimwadhibu, atajifunza kujificha tu.

Kilichoniuma ni jinsi Simba alivyofyata mkia shemeji aliponyanyua mkono. Mkono tu, hata hajamgusa.

Wenye mbwa, nyie mnawalisha saa ngapi?