Nilivyomtafutia binti yangu darasa la awali

Mwaka juzi mwezi wa kumi, uandikishaji ulipoanza, binti yangu alikuwa anakaribia miaka mitano. Huku kwetu Muheza vijijini shule haichaguliwi. Mtoto anapelekwa iliyo karibu, basi. Ada ilifutwa tangu 2016, na kwa kuwa zote ni za serikali, mtu anaona ni mamoja. Kaka yake nilimpeleka hivyo hivyo bila kuuliza, akaingia darasa la kwanza hajui kushika penseli, na asubuhi nyingi tulimtoa nyumbani analia. Sikutaka yanikute mara ya pili.

Shule tulizoweza kuzifikia zilikuwa tatu: ya kijijini, mwendo wa robo saa; ya ng'ambo ya lami, barabara ile ya Segera kwenda Tanga; na shule shikizi, yaani tawi dogo la shule nyingine, kule juu kwenye michungwa, yenye awali na madarasa mawili tu ya chini.

Nilianza vibaya. Nilikwenda zote asubuhi mapema, nikasalimia, nikaonyeshwa majengo, nikarudi. Kwa majengo, ya ng'ambo ya lami ilizishinda zote: ilikuwa na darasa la mfano lililojengwa kwa mradi wa BOOST (ule wa serikali wa kuboresha shule za awali na msingi), meza ndogo za rangi, herufi ukutani, bembea nje. Nusura nimwandikishe siku ile ile. Mjomba wangu, ambaye amewahi kukaa kwenye kamati ya shule, ndiye aliyenizuia. "Mwanangu, rudi saa nne," akasema. "Saa nne ndiyo utaiona shule."

Nikarudi, safari hii nikaomba kukaa nyuma ya darasa. Katika lile darasa zuri nilihesabu watoto 83 na mwalimu mmoja. Utaratibu wa serikali ni watoto 25 kwa mwalimu. Meza zilikuwa zimejaa, waliobaki wamekaa chini, na yule dada wa watu sauti ilikuwa imemkauka kwa kuimbisha a, e, i, o, u. Simlaumu hata kidogo. Darasa lilipofunguliwa kila mzazi alikimbilia pale, kama nilivyotaka kukimbilia mimi. Shule ya kijijini kwetu watoto walikuwa wachache zaidi, lakini ilipofika saa nne mwalimu wao akaitwa kufundisha darasa la tatu, akawaachia msichana wa darasa la sita mwenye fimbo. Nilikaa dakika 40. Mwalimu hakurudi.

Kule shikizi sakafu ilikuwa na nyufa na watoto 31 walikaa kwenye jamvi. Mwalimu alikuwa wa kujitolea, analipwa na michango ya wazazi. Alikuwa na kopo la mafuta ya kupikia limejaa vifuniko vya soda. Mtoto mmoja akaitwa ahesabu hadi kumi, akafika saba, akarukia tisa. Wenzake wakacheka. Mwalimu hakumwambia amekosea. Alichuchumaa mbele yake, akavirudisha vifuniko nyuma kimoja kimoja, akamshika kidole, wakaanza upya pamoja. Walipofika saba akanyamaza, akamsubiri. Mtoto akakaa, akakaa, kisha akasema "nane" kwa sauti ya chini. Machozi yalinilengalenga, maana nilimkumbuka mwanangu mkubwa.

Nikaangalia na choo, jambo ambalo wazazi wengi tunalisahau. Nilikwenda na binti yangu, nikamwambia ajaribu. Tundu lilikuwa dogo, miguu yake ilifika pande zote mbili bila kuogopa, na nje palikuwa na kibuyu chirizi chenye maji. Ng'ambo ya lami aligoma kuingia.

Tatizo lilikuwa njia. Kwa mwendo wake ni dakika 45 za kupanda, na masika udongo unateleza. Mama mkwe hakukubali: "Mtoto wa miaka mitano umpandishe mlima kila siku?" Hoja yake ilikuwa ya kweli. Lakini kuvuka lami yenye malori kulinitisha zaidi ya mlima. Nikawapitia majirani wawili wenye watoto wa umri ule, tukapangiana zamu ya kuwapeleka na kuwarudisha. Bila hao wawili nisingeweza, kwa sababu msimu wa machungwa siku nyingine natoka alfajiri.

Kabla ya kuandikisha nilimuuliza mwalimu waziwazi, "Mwakani utakuwepo?" Akanijibu, "Dada, nimeomba ajira. Ikitoka nitaondoka." Hakunificha, na kwa hilo nilimheshimu. Mchango ulikuwa mahindi ya uji na shilingi 2,000 kwa mwezi ya posho yake. Haukuwa mwepesi, na kuna mwezi nililipa kwa machungwa.

Ajira ilitoka mwezi wa nane. Wiki mbili watoto hawakuwa na mtu, tukaketi nao wazazi kwa zamu mpaka akapatikana mwingine, kijana aliyemaliza kidato cha nne. Alilikuta lile kopo la vifuniko kwenye rafu, na binti yangu na wenzake ndio waliomwonyesha linavyotumika.

Sasa yuko darasa la kwanza kijijini, anasoma, na asubuhi halii. Mdogo wake zamu yake ni Januari. Nimesikia awali ya kijijini imepata mwalimu wake mwenyewe, asiyeitwa kwenda darasa lingine. Jumatatu nitakwenda, saa nne.