Saa Isiyopima Muda

Ijumaa, Lamu

Kila Januari redio hutangaza Saa ya Kiama (Doomsday Clock): kwamba dunia imebakiza kitambo kidogo tu kabla ya saa sita usiku, yaani kabla ya maangamizi. Mwaka 2025 zilitajwa sekunde 89. Barazani likaulizwa: mbona haziishi? Tena kwetu siku huanza magharibi. Saa sita usiku haimalizi kitu.

Saa hiyo haina mashine. Ni mchoro. Mwaka 1947 wanasayansi wa Chicago, baadhi yao wakiwa wameshiriki kuunda bomu la atomiki, walitaka jalada la jarida lao. Mchoraji Martyl Langsdorf akawachorea robo ya mwisho ya saa, mshale ukiwa dakika 7 kabla ya sita. Kwa nini 7? Aliona imekaa vizuri machoni, basi. Mwaka 1949, Umoja wa Kisovieti ulipolipua bomu lake la kwanza, mshale ukasogezwa hadi dakika 3. Mwaka 1991, mkataba wa kupunguza silaha ulipotiwa saini, ukarudishwa hadi 17, yaani nje kabisa ya mchoro, maana robo saa ni dakika 15.

Wengi huisoma kama bamvua. Bamvua huhesabika: mwezi ukiandama au ukipevuka, nahodha anajua maji makubwa yako karibu. Saa hii haitabiri siku. Ni maoni ya bodi ya wataalamu kuhusu silaha za nyuklia na, tangu 2007, tabianchi pia. Ndiyo maana kulinganisha sekunde za mwaka huu na za zamani hakuna faida. Oktoba 1962, makombora ya Cuba yalipokaribia kuleta vita, mshale haukuguswa; mgogoro uliisha kabla hawajakaa kuujadili. Mwaka uliofuata ukarudi nyuma hadi 12.

Kwa hiyo namba iacheni, someni taarifa inayoambatana nayo: nini kimeusukuma mshale, na serikali zipi zinaombwa kufanya nini.

Mimi napenda zaidi mistari ya rangi ya 2018 ya Ed Hawkins, mwanasayansi wa tabianchi, inayoonyesha jinsi joto linavyopanda. Mwaka mmoja, mstari mmoja: chukua wastani wa joto la mwaka, toa wastani wa 1971 hadi 2000, kisha paka buluu kwa baridi, nyekundu kwa joto. Anayebisha ataonyeshwa vipimo. Kasoro yake ni kwamba digrii hazionekani, na rangi ileile nyekundu hubeba kiasi tofauti mji hadi mji. Anayeitundika darasani aandike kipimo pembeni.