Taa za Probox zilizofungwa wayaringi ya rilei: nilivyopata hitilafu na kuirekebisha

Gari hili, Toyota Probox, lilikuwa na dalili tatu. Taa ya kushoto ilikuwa hafifu, rangi ya chungwa. Fulu, yaani mwanga wa mbali, haikuwaka kabisa upande wowote. Na dimu, mwanga wa karibu, ziliwaka mara tu swichi inapofika hatua ya kwanza ya taa ndogo, badala ya kusubiri hatua ya pili. Mwenye gari alikuwa amefungiwa seti ya wayaringi ya ziada, ile inayouzwa kamili na rilei zake mbili (swichi zinazoendeshwa na umeme) kwenye maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, ili aongeze mwanga. Balbu zilikuwa H4, zenye fulu na dimu ndani ya balbu moja, za 60/55W (wati 60 za fulu, 55 za dimu), mpya. Watu hukimbilia kubadilisha balbu kwa sababu ndiyo rahisi, lakini taa iliyofifia upande mmoja baada ya wayaringi kuguswa karibu kila mara ni umeme usiofika au usiorudi.

Kwa hiyo nilianza na mita. Ya bei nafuu ya Luthuli Avenue, Nairobi, inatosha, mradi ujue kwamba kupima plagi ikiwa imechomolewa hakukuonyeshi udhaifu wa waya. Waya uliobaki na nyuzi mbili tu za shaba bado utaonyesha volti 12 kamili kama hakuna mzigo. Pima balbu ikiwa inawaka na injini ikinguruma, ukichomeka ncha za mita nyuma ya soketi.

Kwenye betri nilipata volti 13.9. Nyuma ya balbu ya kulia, 12.3. Tofauti ya volti 1.6 inaonekana ndogo, lakini mwanga wa halojeni haushuki sawasawa na volti, unaporomoka. Ukipunguza volti kwa asilimia 10, unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Taa hiyo ya kulia, ambayo mwenye gari alidhani ni nzima, ilikuwa tayari imepoteza kama theluthi ya mwanga wake. Wayaringi iliyonunuliwa kuongeza mwanga ndiyo iliyokuwa ikiula.

Upande wa kushoto nilipima kati ya waya wa bodi wa soketi, unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bati la gari, na ncha hasi ya betri. Hapo panatakiwa pasizidi volti 0.2. Nilikuta zaidi ya 8. Nikipima waya wa fulu, nao ulikuwa na volti 4 hivi ingawa fulu haikuwashwa. Ukiona hali hiyo usitafute mbali: balbu imekosa bodi. Umeme unaingia kwenye filamenti (uzi unaowaka ndani ya balbu) ya dimu ya kushoto, unakosa pa kutokea, unapita filamenti ya fulu ya balbu hiyo hiyo, unafuata waya wa fulu hadi upande wa pili na kutokea kwenye bodi kupitia fulu ya kulia. Filamenti tatu zinagawana volti za moja. Ukiangalia kupitia kioo utaona nyuzi mbili ndani ya balbu ya kushoto zote zimekuwa nyekundu.

Sababu yake ilikuwa pete ya waya iliyofungwa kwa skrubu ya bati juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Mwanzoni nyuzi za skrubu hugusa chuma kidogo na taa huwaka vizuri, kisha mvua ya Aprili inaleta kutu na mguso unakufa. Nilikwangua hadi chuma kikang'aa, nikafunga boliti ya M6 yenye washa ya meno, nikapaka grisi juu baada ya kukaza.

Hitilafu ya pili ndiyo inayowasumbua mafundi wengi, na inatokana na jinsi Toyota nyingi za Kijapani zilivyoundwa. Seti hizi za rilei hudhani kwamba waya wa pamoja wa H4, ule unaotumiwa na dimu na fulu zote mbili, ni bodi, na swichi inapeleka chanya kwenye dimu au fulu. Kwenye Toyota hizi ni kinyume: waya wa pamoja ni chanya, na swichi inaunganisha dimu au fulu na bodi. Ukichomeka seti ya kawaida, waya wake wa pamoja, ambao umefungwa kwenye bodi, unakutana na chanya ya gari uso kwa uso. Fyuzi ya taa inakatika papo hapo. Kuweka fyuzi kubwa hakusaidii, kunahamisha tu mahali pa kuungua kutoka kwenye fyuzi hadi kwenye waya.

Fundi aliyetangulia alikuwa ameukata waya huo wa pamoja ili fyuzi ikae, kisha akachukua chanya ya kuamsha rilei ya dimu kutoka taa ndogo. Ndiyo maana dimu ziliwaka hatua ya kwanza. Koili ya rilei ya fulu, yaani waya uliozungushwa ndani yake unaovuta swichi, alikuwa ameiacha na mguu mmoja kwenye bodi na mwingine kwenye waya wa fulu wa gari, waya ambao kazi yake ni kwenda bodi. Bodi kwa bodi, rilei haiwezi kuvuta.

Usiamini rangi za nyaya wala maneno ya pakiti, pima plagi ya gari lenyewe. Chomoa plagi zote mbili, ya kushoto na ya kulia, kwa sababu balbu iliyobaki upande mmoja itarudisha volti kwenye waya wa fulu na kukudanganya. Washa dimu. Ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya betri, nyekundu ipitishe kwenye miguu mitatu ya plagi: mguu wenye volti 12 kwa dimu na kwa fulu pia ndio wa pamoja, na gari ni la aina hii. Kisha weka nyekundu kwenye chanya ya betri na ncha nyeusi kwenye miguu miwili iliyobaki. Unaosoma 12 wakati wa dimu ni waya wa dimu. Badilisha kuwa fulu, utaupata wa pili.

Baada ya hapo kufunga ni rahisi. Nilitenga koili na bodi kabisa. Miguu ya rilei ina namba: mguu 86 wa kila rilei ulienda kwenye waya wa pamoja wa plagi ya gari, mguu 85 wa rilei ya kwanza kwenye waya wa dimu, na 85 wa rilei ya pili kwenye waya wa fulu. Koili hunywa kiasi cha miliampia 150 tu, kwa hiyo nyaya za gari na swichi ya usukani zinapumua. Rilei nyingine zina dayodi ndani, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Hizo hazikubali kugeuzwa miguu, chanya lazima iwe 86. Upande wa mzigo, mguu 30 unatoka kwenye betri na 87 unaenda kwenye balbu. Soketi mpya za balbu, kwa kuwa zinalishwa na rilei, waya wao wa pamoja unaenda bodi kama kawaida.

Nyaya za seti sikuzirudisha. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba halisi ya unene huo huo. Ganda la plastiki pia huwa nene kuficha wembamba wa ndani. Niliweka shaba ya milimita mraba 2.5 kutoka betri hadi rilei na kwenye bodi, 1.5 kwa kila balbu, na 0.75 kwa koili. Balbu mbili za dimu hunywa kama ampia 10 kwa pamoja, kwa hiyo kila rilei ilipata fyuzi yake ya ampia 15, ikiwa si zaidi ya sentimita 20 kutoka betri. Kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote, kikichubuka kwenye bati ni moto.

Viungo nilivibana kwa koleo la kubana, si la kawaida, na kuvika mpira wenye gundi unaosinyaa kwa joto. Tepu nyeusi chini ya boneti huyeyusha gundi yake na kufunguka. Solda naikubali ndani ya nyumba. Kwenye barabara zetu zenye matuta, waya hukatika pale solda inapoishia. Soketi niliweka za kauri, ingawa kwa 60/55W plastiki ingevumilia. Balbu za 100/90W ndizo zinazoyeyusha soketi na kuchoma kioo cha ndani kinachoakisi mwanga, na mimi sizifungi.

Baada ya kazi, balbu zote mbili zilisoma volti 13.5.

Mwenye gari aliuliza kuhusu balbu za LED. Hazihitaji rilei hizi, lakini kwenye gari la waya wa pamoja chanya nyingine haziwaki, mpaka uweke zile zisizojali chanya na hasi ziko upande gani. Shida kubwa ni kwamba kioo cha ndani kimechorwa kwa filamenti, chanzo kikihama milimita chache mwanga unapaa kwenye macho ya anayekuja, na feni yake huzuia kifuniko cha mpira kufunga, maji yanaingia.

Kisha nilipanga mwelekeo, jambo linaloachwa mara nyingi. Sakafu tambarare, matairi yenye upepo sahihi, gari mita 5 kutoka ukutani. Mstari wa juu wa dimu uwe sentimita 5 chini ya kimo cha katikati ya balbu, yaani asilimia 1, na upande wa mstari unaopanda juu uwe wa kushoto. Taa iliyotoka kwenye gari la usukani wa kushoto hupandisha mwanga kulia, na hakuna skrubu itakayoirekebisha.

Plagi za gari sikuzikata. Ile isiyotumika niliifunga kwenye mfuko na kuibana karibu na balbu, na ile inayoamsha rilei inachomoka. Rilei ikifa usiku karibu na Salama, kwenye barabara ya Mombasa, unachomoa soketi ya seti, unachomeka plagi ya gari moja kwa moja kwenye balbu, na unaendelea na safari kwa mwanga wa kawaida.