Kitanda cha chini Miriakamba

Leo soli ya kiatu cha kulia imebaki ghorofa ya saba wakati mimi nimeshafika ya nane. Niliposikia mguu umekuwa mwepesi, nikadhani ndiyo mazoezi ya kupanda Mlima Meru yameanza kuniingia.

Viatu vyenyewe nilivitoa soko la mitumba la Karume wiki tatu zilizopita. Ngozi inang'aa, kamba kama mpya, na muuzaji akaniapia kwamba mwenyewe huko Ulaya hakuvivaa hata mara mbili. Namwamini kabisa. Shida ndiyo hiyohiyo: ule mpira laini ulio ndani ya soli za viatu vya mlimani unazeeka hata ukikaa kabatini, na unyevu wa hewa unaumaliza polepole bila mtu kuona. Nilipoushika ulivunjikavunjika vidoleni kama andazi la juzi. Fundi wangu wa pale chini ya mwembe aliugeuza, akaunusa (sijui kwa nini aliunusa), akasema, "Dada, hapa hapashoneki. Nikuwekee ya tairi?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Bora imetokea kwenye ngazi za jengo letu. Ingetokea siku ya tatu ya safari, saa kumi alfajiri, kwenye ukingo wa kasoko, sijui ningemwambia nini kiongozi wangu.

Safari ni Septemba, kiangazi, kabla vuli haijaanza. Mlima Meru, siku nne. Nikiwatajia watu hapa Dar, swali ni lilelile: kwa nini si Kilimanjaro? Huwa najibu kwa kifupi kwamba mimi mahema siyataki. Nataka paa, godoro na mlango wa kufunga, na sioni aibu kulisema. Kilimanjaro njia yenye vibanda ni moja tu, ya Marangu, unalala Mandara, Horombo na Kibo. Meru nako kuna vibanda, Miriakamba na Saddle, na mlima wenyewe unaisha kwenye mita 4,566, siyo 5,895. Kwa mtu ambaye hajawahi kutembea siku mbili mfululizo, hizo mita zaidi ya elfu moja zilizopungua siyo kitu kidogo.

Jibu refu huwa silitoi. Nimekulia Usa River. Mlima ule kwetu ulikuwa kitu cha kuangalia kabla ya kuanika nguo: ukijifunika wingu, unaanua, ukiwa wazi, unaanika. Magari ya watalii yalikata kona pale barabara kuu yakaelekea Hifadhi ya Taifa ya Arusha, vumbi likabaki kwetu. Miaka kumi na minane nikiwa pale sikuwahi kuvuka lile geti. Juzi, nikiwa na miaka thelathini na tisa, nikiwa nimekaa sebuleni kwangu Tabata, ndipo nimejua kwa kuangalia ramani kwamba mlima wetu umebomoka upande mzima wa mashariki, na kwamba ndani ya kasoko kuna kilima kingine cha majivu kimesimama peke yake. Na kwamba ulitoa moshi na majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Bibi mzaa bibi yangu angeweza kuuona. Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kunisimulia, au mimi ndiye sikuuliza.

Nimempigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bado una yale mawazo?"

"Bado ninayo. Kila kundi linakwenda na askari wa hifadhi, mama, usiwe na wasiwasi."

"Askari wa nini?"

"Ana bunduki. Kule chini kuna nyati."

Kimya kidogo. Kisha: "Sasa mlima wa kwenda na bunduki nao ni wa kwenda?"

Sikuwa na jibu. Ila nilimkumbusha kwamba nitakaa kwake siku mbili kabla ya kupanda, na hapo mambo yakalainika, akaanza kupanga ndizi gani zitakuwa zimekomaa. Sikumwambia kwamba zile siku mbili siyo mapenzi matupu. Natoka usawa wa bahari, na mwili unahitaji kuonja hewa ya juu kidogo kidogo kabla ya kupelekwa kulala kwenye mita 3,570.

Jana usiku nilikaa na kalamu. Siku ya kwanza: Geti la Momella, mita 1,500, hadi Miriakamba, 2,514. Siku ya pili hadi Saddle, 3,570, na ukiwa na nguvu jioni unapanda Meru Ndogo, 3,820, ili mwili uzoee, kisha unashuka kulala. Siku ya tatu ndiyo kazi: unaamka usiku wa manane, unapanda karibu mita elfu moja gizani, unaona jua likitokea upande wa Kilimanjaro, halafu unarudi Saddle, unakunywa kitu, unaendelea hadi Miriakamba. Kila mtu anazungumzia kule kupanda. Mimi nimetoa hesabu ya kushuka: kutoka kileleni hadi Miriakamba ni mita 2,052. Jengo letu lina ghorofa tisa. Nikikadiria mita tatu kila ghorofa, ni sawa na kulishuka jengo zima mara sabini na sita, siku moja, baada ya usiku bila usingizi. Goti langu la kushoto lilisikia hiyo hesabu.

Kampuni moja ilinipa bei ya siku tatu, nafuu kweli, ikanihakikishia kwamba "Watanzania wenyewe huwa wanamaliza kwa tatu." Maana yake siku ileile ya kileleni unateremka moja kwa moja mpaka getini, mita 3,066. Nikashukuru, nikakata simu. Sipandi mlima ili nije nibebwe. Nimechukua siku nne, na fedha ya usiku ule wa ziada nimeitoa kwenye fungu la kitenge cha harusi ya binamu yangu, ambaye nitamwomba radhi akisoma hapa.

Katika mambo yote, malipo ya hifadhi ndiyo yamenitia moyo. Raia tunalipa kwa shilingi, sehemu ndogo sana ya anacholipa mgeni, ila kitambulisho cha taifa lazima kiwe mkononi, na hakuna kupeleka taslimu getini. Changu kilikuwa ndani ya Biblia, sijui tangu lini.

Vingine vinaendelea. Jumamosi nilikwenda msitu wa Pugu na begi lenye chupa sita za maji, watoto wa pale wakanifuata wakiuliza nauza bei gani. Begi la kulalia na koti zito nitakodi Arusha, maana kununua kitu cha baridi ya chini ya sifuri nikae nacho Tabata ni kichekesho. Fulana za pamba zote nimezitoa kwenye orodha: zikilowa jasho hazikauki, na upepo wa kule juu hausubiri. Kandambili zimebaki. Kandambili ni za jioni, ukishafika kibandani ukavua viatu, na ndizo kitu pekee katika orodha nzima ambacho nilikuwa nacho tayari.

Jioni hii nimemwandikia kiongozi wangu. Kijana mstaarabu, anajibu haraka. Nilitaka kujua kama wapagazi wana mahali pazuri pa kulala kule juu, akasema wana bweni lao, nikafurahi. Kisha nikauliza lile lililokuwa linanikera tangu nione picha za vyumba: vitanda vinne, vya mbao, viwili chini na viwili juu. Mimi usiku huwa natoka mara mbili, na choo kiko nje. Je, naweza kuweka nafasi ya kitanda cha chini?

Akajibu: "Hapana dada, wa kwanza kufika ndiye anayechagua."

Nimeangalia kiatu kisicho na soli kilicholala kwenye gazeti pale mlangoni. Nimeangalia goti. Nikamwandikia tena kumuuliza kama ngazi za hivyo vitanda zina pa kushika.

Bado hajajibu. Kesho nampelekea fundi kile cha kushoto pia, nimwambie aweke ya tairi.