Nimelazwa Sabule

Nimerudi Amu, yaani Lamu, baada ya miaka 17 Toronto, na usiku wa kwanza nimelazwa sabule.

Kwa mtu wa huku, habari hiyo inajieleza. Kwa asiyezijua nyumba zetu za mawe, sabule ni chumba cha mgeni wa kiume, karibu na mlango mkuu, ili aingie na kutoka bila kukatisha mbele ya wenyeji. Dada alinitandikia shuka mpya. Aliniwekea maua ya asumini kwenye sahani na jagi la maji lililofunikwa kitambaa. Nilitendewa yote anayotendewa mgeni wa heshima, na nililala macho wazi hadi adhana ya alfajiri, kwa sababu katika nyumba hii nilizaliwa, nikatahiriwa, nikasoma juzuu zangu za kwanza, na sabule sikuwahi kulala hata siku moja.

Hakuna aliyenikosea. Binti wa dada anaolewa mwezi huu, na nyumba imejaa wanawake tangu asubuhi: mashangazi, majirani, mabinti wa mtaa wa Langoni waliokuja kusaidia, wengi wao si maharimu wangu. Mwanamume aliyetoka safari akae wapi ila mbele? Nyumba imejengwa ijibu swali hilo yenyewe, bila mtu kumwambia mwenzake neno la kuumiza. Lakini mimi nilikuwa nimesahau kwamba nyumba husema, na sikutarajia iseme nami.

Ukitoka kwenye kichochoro unaanza na daka. Ni ukumbi mdogo wenye paa, na baraza za mawe pande mbili. Daka si njia na si nyumba. Hapo wanaume huketi jioni, kahawa humiminwa, bei ya samaki hujadiliwa, posa huanza kunong'onwa. Mpita njia anaweza kuketi dakani kwetu akapumzika na mzigo wake bila kuomba ruhusa. Lakini akitaka kuvuka mlango, atapiga hodi na kungoja, na sauti ya mwanamke itamjibu kabla hajaonekana aliyeisema. Nyuma ya mlango kuna tekani, na njia hapo imepindwa makusudi, hata mlango ukiachwa wazi aliye nje haoni kitu ila ukuta. Ndipo unatokea kiwanda, ua usio na paa unaoingiza mwanga na upepo. Baada ya kiwanda kuna kumbi mbili ndefu, msana wa tini (wa chini), kisha msana wa yuu (wa juu), kisha ndani, chumba cha mwisho kabisa.

Kila unapovuka kuna ngazi ndogo, pengine kiganja tu, lakini unapanda. Na kila unapopanda, mwanga unapungua na mapambo yanaongezeka. Nje hakuna pambo ila mlango. Ukuta wa mbele ni mtupu, madirisha ni machache tena yako juu, na mpita njia hawezi kujua kama ndani mna mali au mna njaa. Kumbe ukuta wa ndani umejaa zidaka, safu kwa safu za vishubaka vilivyochongwa kwenye lipu ya chokaa, vilivyokuwa vikiwekwa sahani za kaure kutoka China, misahafu, chupa za marashi. Wazee husema zidaka huzuia husuda. Mimi naona pia zinaupa upana chumba chembamba, kwani jicho huingia kwenye kila kishubaka kama mlango.

Vyumba vyetu ni vyembamba kweli. Urefu utapata, lakini upana hauzidi mita 3 hivi, na sababu yake imesimama kwenye maji ya chumvi: mkoko. Dari hubebwa na boriti za mikoko, juu yake yamepangwa mawe ya matumbawe na chokaa, mzigo mzito, na boriti ikizidishwa urefu hupinda. Kwa hiyo kipimo cha sebule ya muungwana, mtu huru mwenye nyumba ya mawe, kiliamuliwa na mti wa ufukweni. Shemeji ananiambia mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti, wakata mikoko wa visiwa hivi walibaki bila kazi, na boriti kwa ajili ya ukarabati zikawa shida. Msitu, mkata mti na dari ya harusi ni kitu kimoja hapa. Ukigusa kimoja vyote vinatikisika.

Kazi yangu huko Toronto ni kuta. Miaka yote hii nimekuwa nikifunga mbao za jasi kwenye majumba marefu. Ni kazi halali, imesomesha watoto, naiheshimu. Ukuta ule unaupandisha kwa siku moja, na ukiugonga unalia kama debe. Unafungua mlango wa fleti na hatua tatu mgeni yuko jikoni, hatua tano anaona kitanda. Nimezoea, na marafiki wa huko wamenipenda kwa kunipeleka moja kwa moja jikoni kwao. Lakini sasa naelewa kwa nini mke wangu, wa Mombasa, alitundika pazia zito nyuma ya mlango wetu wiki ya kwanza tulipohamia. Alikuwa anajenga tekani.

Nyumba hii si yangu, na haikuwahi kutarajiwa iwe yangu. Babu, baba yake mama, alimpa mama alipoolewa, kama waungwana wengi walivyofanya kwa mabinti zao. Mume ndiye anayehamia kwa mke. Binti wa pili akikua, baba hujenga ghorofa juu, au huvusha chumba juu ya kichochoro hadi nyumba ya jirani. Chumba hicho tunakiita wikio. Ukipita Mkomani, mtaa wetu wa mawe, utaona njia imeingia chini ya nyumba, giza na baridi nzuri ya mchana; wageni huipiga picha. Kule juu wanawake walikuwa wakienda kwa dada na mama zao bila kushuka njiani. Mji mzima ulikuwa na barabara mbili, ya chini ya wanaume na punda, na ya juu isiyoonekana. Anayedhani nyumba hizi zilijengwa kuwafungia wanawake angejiuliza kwanza hati ni ya nani. Mama alimiliki paa lililomfunika baba yangu, naye baba alilijua hilo kila alipoingia.

Nisipambe kupita kiasi, hata hivyo. Mawe haya hayakubebwa na waungwana. Katika nyumba kubwa za ghorofa, chini kulilala watumwa pamoja na ghala, na juu ndiko kulikokuwa na zidaka. Utumwa ulifutwa nchini Kenya mwaka 1907, lakini ukuta haufutwi na sheria. Mkomani ya mawe na Langoni ya makuti zilikaa hivyo kwa muda mrefu, na watu waliitana kwa nyumba zao. Ninaposikia mji wetu ukisifiwa tangu UNESCO iuingize kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, nafurahi kwa dhati, na natamani chumba cha chini nacho kitajwe katika sifa hizo.

Majirani zetu wawili wameuza. Siwalaumu, ada za shule na matibabu havingoji. Walionunua wametengeneza vizuri, chokaa safi, mlango umepakwa mafuta. Ila daka hazina watu. Baraza moja imewekewa vyungu vya maua, kuanzia ncha hadi ncha, na yule mzee mbeba maji anayepumzika hapo tangu utoto wangu sasa anapita moja kwa moja hadi kwetu. Nimeketi naye jioni nne mfululizo. Hilo limeniuma kuliko nyumba zilizobomoka, kwa kuwa iliyobomoka angalau hatumwoni mtu akikatazwa kuketi.

Siku ya tisa dada alikuja hadi mlango wa sabule. Wanawake walikuwa wamekwenda kwa kungwi na nyumba ilikuwa kimya. Akasema, "Ndoo ndani."

Ndivyo tunavyosema njoo. Sikuwa nimelisikia neno hilo kutoka kinywani mwake tangu nirudi. Tukavuka kiwanda, msana wa tini, msana wa yuu, miguu yangu ikizikumbuka ngazi zote. Alitaka nitazame ukuta. Chini ya zidaka, miaka michache nyuma, fundi mmoja alikuwa ameziba ufa kwa saruji, na sasa lipu ilikuwa inabanduka kama magamba. Nikamweleza: matumbawe hunywa unyevu na chumvi, na chokaa huviacha vitoke taratibu, saruji huviziba, navyo hutafuta pa kutokea. Itabidi ibanduliwe yote, irudishiwe chokaa iliyolowekwa vya kutosha, na harusi iko karibu. Nikamwambia nitafanya mimi, pamoja na fundi wa chokaa wa mtaani anielekeze.

Hakujibu mara moja. Akanionyesha sakafu karibu na ukuta ule. "Kitanda tulikiweka hapa," akasema. Hapo ndipo mama alipooshwa alipofariki, miaka sita iliyopita, mimi nikiwa zamu ya usiku kwenye ghorofa ya 30. Chumba hicho hicho alinizalia, akakaa siku zake 40. Kesho kutwa mjukuu wake ataingia humo bibi harusi.

Nikaweka kiganja ukutani. Ulikuwa baridi, na vumbi la chokaa likabaki mkononi. Tulikaa pale chini, mimi na dada, hadi tukasikia mtu nje, mbali, dakani.

"Hodi!" Alikuwa fundi.

Dada akanitazama mimi nijibu.

"Karibu," nikasema kutoka ndani.