Kodagu, Wilaya ya Mibuni Inayokua Kivulini

Kodagu, ambayo Waingereza waliita Coorg baada ya kuitwaa mwaka 1834, ni wilaya ya milima katika jimbo la Karnataka, kusini mwa India, na makao yake makuu, mji wa Madikeri, yako zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ilikuwa jimbo dogo lenye mamlaka yake hadi mwaka 1956, ilipounganishwa na jimbo la Mysore, ambalo sasa ndilo Karnataka.

Kinachonivutia zaidi ni namna kahawa inavyolimwa huko. Mibuni ya arabika na robusta haipandwi kwenye uwanda ulio wazi, bali chini ya miti mirefu ya msituni, na juu ya mashina ya miti hiyo hutambaa mipilipili manga, hivyo kwamba shamba moja humpa mkulima mazao mawili na kuwahifadhia ndege makazi yao. Mvua chache za Machi na Aprili ndizo zinazoamsha maua, nayo meupe hufunika vilima kwa siku chache tu. Zikichelewa, mavuno ya robusta hupungua sana.

Huko Talakaveri, ndani ya wilaya hii, ndiko unakoanzia mto Kaveri, unaotegemewa na mamilioni ya watu hadi jimbo jirani la Tamil Nadu. Ndiyo maana mafuriko na maporomoko ya ardhi ya Agosti 2018, yaliyoua watu na kuzoa mashamba, yananisikitisha mpaka leo.